Deli linanuka shombo hata baada ya kuoshwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Deli la plastiki, yaani sanduku la kutunzia barafu na vitu vya baridi, hufanya kazi ngumu kwenye nchi za joto. Alfajiri linabeba vibua kutoka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, Jumamosi linaazimwa kupozea soda za shughuli, na likizo ikifika linapakiwa kwenye buti la gari pamoja na chakula cha safari. Mteja akifunua mfuniko akakunja pua, mauzo ya siku hiyo yameharibika hata kama samaki ni wa usiku uleule. Majibu haya ni kwa wachuuzi wa samaki na nyama, wauza juisi, wakodishaji wa vyombo vya shughuli, na yeyote mwenye deli nyumbani ambalo watu wa familia wameanza kulikwepa. Jambo tunalolisisitiza kote ni moja: tafuta kwanza harufu imetokana na nini, ndipo uchague dawa. Shombo, uchachu, ukungu na mafuta ya taa havitibiwi kwa kitu kimoja.

Nimeosha deli kwa sabuni tena na tena. Mbona bado linanuka?

Mara nyingi ni kwa sababu harufu haiko pale unaposugua. Kuta za ndani za madeli mengi ni polithilini au polipropilini, plastiki ambazo hazinywi maji lakini zinapatana sana na mafuta. Mafuta ya samaki na ya nyama, na vitu vyote vyenye harufu vinavyoyeyuka ndani ya mafuta, hujipenyeza taratibu kwenye plastiki yenyewe. Ni kama kontena la plastiki lililolazwa mchuzi wa binzari: unasugua mpaka mkono unachoka, manjano yapo palepale. Sabuni inaondoa kilicho juu ya ukuta. Kilichozama kinatoka polepole, hasa deli likipata joto, ndiyo maana asubuhi unaliona liko safi na saa nane mchana linarudia uvundo wake.

Sababu ya pili ni maficho: mpira unaozunguka mfuniko, kizibo cha kutolea maji na uzi wake, bawaba, chini ya vishikio, na mikwaruzo iliyoachwa na visu na mapezi ya samaki. Kwa maoni yetu deli nyingi zinazoitwa "sugu" zina tatizo kwenye mpira na kizibo tu, na kuta zinasingiziwa. Chukua kitambaa cheupe kibichi, pitisha chini ya mpira, kisha kinuse. Utapata jibu kabla hujatumia hata tone la siki.

Nianzie wapi basi?

Anza kwa kulifungua. Toa kizibo, vuta mpira wa mfuniko kama ni wa kuvutika (taratibu, kuanzia kona moja), na kama bawaba zimefungwa kwa skrubu, zifungue. Vipande vidogo viloweke pembeni kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji.

Deli lenyewe lisuuze kwa maji ya baridi kwanza. Hili tunalisisitiza kwa sababu wengi wanaanza na maji ya moto wakidhani wanaua harufu. Damu, ute wa samaki na maziwa vina protini, na protini ikikutana na maji ya moto inaganda na kushika ukutani. Maji ya baridi yakishaondoa ute, ndipo mwaga maji ya moto kiasi ambacho mkono unakivumilia kwa shida kidogo, weka sabuni ya maji inayokata mafuta, funga mfuniko, acha nusu saa hadi saa moja. Joto hulainisha mafuta na kuyatoa kwenye plastiki, sabuni inayashika. Sugua kwa dodoki au brashi laini. Pembe na uzi wa kizibo visafishe kwa mswaki wa zamani. Stili waya usiitumie kabisa: kila mkwaruzo inaouacha ni makazi mapya ya bakteria, na deli litanuka upesi zaidi mwezi ujao.

Suuza mpaka povu liishe. Hapo sasa, na si kabla, ndipo unachagua dawa kulingana na harufu iliyobaki: tindikali (kama siki au ndimu) kwa shombo, bikaboneti (ya kuokea) kwa uchachu, Jik (dawa ya klorini) au peroksaidi (ya duka la dawa) kwa ukungu na harufu za salfa. Maliza kwa kulikausha likiwa wazi, mfuniko umeegeshwa pembeni, kwa siku nzima. Ukiruka hatua ya mafuta ukakimbilia siki, siki itaosha uso wa mafuta na kuacha yaliyo chini yake.

Kwa nini shombo inapanda zaidi ninapoosha kwa sabuni, magadi au majivu?

Swali zuri, na wengi wanaliona jambo hili bila kujua sababu. Samaki wa baharini wana kemikali isiyo na harufu mwilini mwao inayowasaidia kustahimili chumvi ya maji. Samaki akishakufa, bakteria huibadili kemikali hiyo kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo tunayoijua. Trimethilamini ni ya jamii ya amonia, yaani ina tabia ya kibesi, kinyume cha tindikali. Ikikutana na besi nyingine, kama majivu, magadi au sabuni kali, inaachiliwa huru iruke hewani, nawe unainusa zaidi. Ikikutana na tindikali inafungwa na kuwa chumvi inayoyeyuka kwenye maji na isiyoruka. Ndiyo siri ya ndimu mezani penye samaki wa kukaanga.

Kwa hiyo harufu inayopanda wakati wa kuosha isikutishe, ila usiishie hapo. Sabuni, suuza, kisha tindikali. Majivu yaachie masufuria. Kwenye plastiki yanakwaruza bure.

Siki au ndimu? Na ukwaju je?

Siki nyeupe ya mezani, ambayo kwa kawaida ina asidi ya asetiki karibu asilimia 5, ndiyo tunayoipendekeza kwa sababu haina rangi na haiachi sukari. Changanya kikombe kimoja cha siki na vikombe viwili vya maji. Lowesha vitambaa au taulo kuukuu, vibandike kwenye kuta na sakafu ya deli, funga mfuniko, acha nusu saa au zaidi. Kulowesha vitambaa kunafaa kuliko kumwagia tu, maana dawa inashikana na ukuta badala ya kutuama chini. Mpira na kizibo viloweke kwenye mchanganyiko huohuo.

Ndimu inafanya kazi ileile. Kata nusu, sugulia moja kwa moja kwenye kona na kwenye mpira, ukitia chumvi laini kidogo. Kasoro yake ni kwamba vinyama vya ndimu vikibaki kwenye uzi wa kizibo navyo vinavunda, kwa hiyo suuza vizuri. Wauzaji wengi wa vifaa vya kuoka wana asidi ya sitriki ya unga. Kijiko kimoja cha mezani kwenye lita 1 ya maji kinatosha, na kwa mwenye madeli mengi ni nafuu kuliko siki. Ukwaju una tindikali ya kutosha lakini unaacha rangi na utamu. Uache jikoni.

Kwa samaki wa maziwani, kama sato, harufu inayobaki mara nyingi ni ya mafuta na ute, wakati mwingine na harufu ya tope inayotokana na vijimea na bakteria wa majini. Kwao tilia mkazo hatua ya sabuni na maji ya moto. Tindikali inakuja kumalizia.

Deli lilibeba papa na samaki aina ya taa, sasa linawasha macho. Nifanyeje?

Hiyo ni amonia. Papa na taa huhifadhi urea nyingi mwilini, na wakikaa bila barafu ya kutosha bakteria huigeuza kuwa amonia. Dawa yake ni tindikali: siki kama tulivyoeleza, pengine mara mbili, ukibadilisha vitambaa katikati.

Lakini soma hapa kwa makini. Usimwage Jik kwenye deli linalonuka amonia. Jik ikikutana na amonia inatoa gesi za kloramini zinazochoma mapafu, na deli ni chombo chenye kuta: unainamisha kichwa ndani yake, gesi yote inakuja usoni. Vilevile usitie Jik juu ya siki au ndimu, maana hapo inatoka gesi ya klorini. Ukihitaji vyote viwili, tumia siki leo, suuza kwa maji mengi, anika, na Jik iwe kesho. Fanya kazi hii nje, kamwe si kwenye choo au stoo iliyofungwa.

Jik kiasi gani inafaa kwa chombo cha chakula?

Kidogo kuliko wengi wanavyomimina. Chupa nyingi madukani zina hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 3 hadi 4 hivi, soma lebo. Kwa nguvu hiyo, kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwenye lita 1 ya maji ya baridi kinatosha kuua vijidudu kwenye deli lililokwisha kuoshwa. Acha dakika 10, suuza, anika. Maji ya moto yanaivuruga klorini na kuongeza mvuke wake, kwa hiyo tumia ya baridi.

Tunasema "lililokwisha kuoshwa" kwa sababu klorini inajimaliza kwa kupambana na uchafu wa kwanza inaokutana nao. Ukiimwaga juu ya damu na magamba, itaishia kwenye magamba. Na usinunue Jik yenye manukato kwa kazi ya chakula.

Bikaboneti inasaidia? Niichanganye na siki ili ichemke?

Inasaidia sana, lakini kwa harufu za uchachu: maziwa yaliyomwagika, mtindi, juisi ya embe iliyochacha, bia, jasho la matunda. Harufu hizo ni za tindikali, na bikaboneti ya soda huituliza tindikali. Vijiko vinne vya mezani kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu, paka kuta zote, acha usiku mzima. Sehemu zenye madoa zipake uji mzito wa bikaboneti na maji kidogo.

Kuchanganya na siki kunapendeza macho tu. Povu lile ni gesi ya kaboni dioksaidi ikitoka, na vikishamalizana unabaki na maji yenye chumvichumvi ambayo hayana nguvu ya siki wala ya bikaboneti. Umepoteza vyote viwili. Kama deli lina shombo na uchachu kwa pamoja, tumia siki kwanza, suuza, kisha bikaboneti.

Angalia pia usichukue magadi soda ya kutengenezea sabuni ukidhani ni bikaboneti ya kuokea. Ile kali ya kutengenezea sabuni inababua ngozi.

Maziwa yalimwagika ndani wiki iliyopita na deli likafungwa. Kuna matumaini?

Yapo. Maji ya baridi kwanza, mengi, mpaka yanatoka meupe kidogo tu. Halafu sabuni na maji ya moto kiasi, maana maziwa yana mafuta, na mafuta ya maziwa yakioza hutoa asidi ya butiriki, ambayo ndiyo inayoleta ile harufu ya kutapisha. Malizia kwa bikaboneti usiku kucha. Usisahau kizibo: maziwa hujikusanya kwenye bomba lake fupi na kugandia humo.

Na duriani?

Watu wa Unguja wanalijua swali hili. Harufu ya duriani inatokana kwa sehemu kubwa na misombo ya salfa, kama ya yai viza, na pua ya binadamu inazinasa hata zikiwa chache mno. Siki haizigusi sana, bikaboneti nayo kidogo tu. Zinazofaa ni dawa zinazoleta oksijeni au klorini: Jik iliyochanganywa kama tulivyoeleza, au haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa yenye asilimia 3. Kama chupa ni ya asilimia 6, ongeza maji kiasi kilekile. Paka, acha dakika 20, suuza, kisha hewa nyingi. Peroksaidi isichanganywe na siki wala Jik.

Peroksaidi hiyohiyo inafaa pia kwa shombo sugu, kwa sababu inairudisha trimethilamini kwenye ile hali yake ya mwanzo isiyo na harufu. Ni chaguo zuri kwa mtu asiyependa kabisa harufu ya Jik kwenye chombo cha samaki.

Kuna madoa meusi kwenye mpira, na deli linanuka kama nguo zilizokaa kwenye beseni.

Ni ukungu. Deli lilifungwa likiwa bichi. Hapa ongeza Jik: vijiko viwili vya mezani kwa lita 1 ya maji, kwenye mpira na sehemu zenye madoa pekee, dakika 10, ukivaa glavu. Suuza vizuri. Doa jeusi linaweza kubaki kwenye mpira hata baada ya ukungu kufa. Kinachokuhusu ni harufu. Ikirudi baada ya siku chache za ukavu, ukungu umeingia ndani ya mpira uliopasuka, na mpira huo ubadilishwe. Mafundi wa friji huwa na mipira ya mita wanayokata kwa kipimo.

Nikimwagia maji yanayochemka je, si ndiyo dawa ya yote?

Hapana. Plastiki ya ndani ni nyembamba, inalainika na kujikunja, na ikijikunja inaachana na povu la kuzuia joto lililo katikati ya kuta. Ufa mdogo ukitokea hapo, maji machafu yataingia ukutani na utakuwa umejitengenezea uvundo usiotibika. Nyuzijoto 60 zinatosha kabisa: changanya sehemu moja ya maji yaliyochemka na sehemu moja ya maji ya bomba.

Mkaa, kahawa, magazeti: vinafanya kazi kweli?

Vinafanya kazi ya kumalizia. Mkaa una vitundu vingi vidogo vinavyonasa harufu zilizo hewani. Mkaa wa kawaida wa kupikia ni dhaifu kuliko ule wa kwenye machujio ya maji, lakini upo kila nyumba. Uponde vipande vidogo, ufunge kwenye kitambaa cha pamba, uweke kwenye deli kavu lililofungwa kwa siku mbili tatu. Mkaa uliolowa haunasi vizuri. Magazeti yaliyokunjwakunjwa hunyonya unyevu na harufu kidogo, yanafaa kwa deli linalohifadhiwa stoo. Unga wa kahawa unapunguza kiasi, lakini kazi yake kubwa ni kufunika, na muuza maji ya kunywa hahitaji maji yenye harufu ya kahawa.

Vyote hivi ni bure kama deli halijaoshwa. Kuna watu wanaotupia mkaa juu ya maji ya samaki yaliyotuama kwenye pembe, kisha wanasema mkaa hausaidii.

Naweza kulifukiza udi au kuweka marashi?

Udi una heshima yake kwenye nguo na chumba cha maharusi. Deli liache. Kwanza, kaa la moto na plastiki havikai pamoja. Pili, plastiki ile iliyonywa mafuta ya samaki itanywa na mafuta ya udi, na utapata barafu yenye shombo na udi kwa pamoja. Hivyohivyo kwa dawa za kunukiza choo, dawa za sakafu zenye manukato na sabuni za unga zenye harufu kali. Chombo kisafi cha chakula hakinuki kitu.

Jua linatosha peke yake?

Jua ni rafiki mkubwa wa kazi hii, hasa la saa nne hadi saa tisa. Joto lake linatoa harufu iliyozama, upepo unaipeleka, na mionzi inaua vijidudu vya juu juu. Lazima deli liwe wazi. Ukilifunga juani unapika harufu irudi ukutani. Lielekeze mdomo kwenye upepo, na mchana ligeuze upande wa pili. Ila usiliache juani wiki nzima, maana mionzi hiyohiyo inaikausha plastiki ikawa ya kupasukapasuka. Saa chache kila baada ya kuosha zinafaa kuliko wiki moja ya mateso.

Maji nanunua kwa ndoo. Siwezi kujaza deli la lita 80.

Wala huhitaji kulijaza. Ndoo moja ya lita 20 ikigawanywa vizuri inatosha deli la kawaida: lita 5 za baridi kwa kusuuza kwa kikombe kuanzia juu kushuka chini, lita 5 za moto na sabuni, na 10 za kusuuza kwa awamu mbili ndogo. Awamu mbili ndogo zinaondoa sabuni kuliko awamu moja kubwa. Dawa ipakwe kwa vitambaa. Aliye karibu na bahari anaweza kutumia maji ya chumvi kwa msuuzo wa kwanza kama ni ya mbali na bandari na mifereji ya mji. Ya mwisho yawe maji matamu na salama.

Nimefanya yote na harufu inarudi palepale. Nini kimebaki?

Kuna uwezekano maji yameingia ndani ya ukuta. Kati ya plastiki ya nje na ya ndani kuna povu la kuzuia joto, na deli likipasuka hata kidogo, au bomba la kizibo likilegea, maji ya samaki hupita hapo na kukaa kwenye mianya. Dalili zake: deli ni zito kuliko zamani likiwa tupu, ukilitikisa unasikia maji, barafu inayeyuka upesi kuliko kawaida, na harufu ni kali zaidi pale penye kizibo au ufa.

Ukigundua mapema, simamisha deli ufa ukiwa chini, liache lichuruzike kwa siku kadhaa mahali penye joto na upepo, kisha ziba kwa gundi ya silikoni inayofaa vyombo vya chakula. Likiwa limekaa na maji hayo kwa muda mrefu, hakuna siki itakayofika huko ndani. Litolewe kwenye kazi ya chakula.

Deli liliwekwa dumu la petroli kwenye gari. Likioshwa litafaa tena?

Kwa chakula, hapana. Petroli, mafuta ya taa, dizeli na dawa za wadudu huzama kwenye plastiki na kutoka kidogo kidogo kwa muda mrefu, na hapa tatizo si harufu pekee, ni sumu. Hata pua ikizoea usilirudishe kwenye samaki wala maji ya kunywa. Dereva anayepakia deli la mama ntilie pamoja na madumu ya mafuta aambiwe wazi kabla ya safari.

Deli la foma jeupe nalo linaoshwa hivihivi?

Hapana, lile ni laini na lina mianya kati ya punje zake. Maji ya samaki yakishaingia, yamekaa. Osha kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, pitisha siki, anika. Likianza kumeguka au kugeuka rangi, muda wake umekwisha. Petroli na baadhi ya viyeyusho huliyeyusha kabisa.

Nitajuaje kama limetakata kweli, maana pua yangu imeshazoea?

Pua huchoka upesi, hasa ya mtu anayeshinda sokoni. Jaribio zuri ni la mkate. Weka slesi ya mkate mweupe ndani ya deli kavu, funga, liweke sehemu yenye joto kuanzia jioni hadi asubuhi. Mpe mtu mwingine aunuse na mkate mwingine wa kulinganisha, bila kumwambia upi ni upi. Mkate hunasa harufu vizuri sana. Akishindwa kuutofautisha, deli lako liko tayari hata kwa maji ya kunywa.

Deli likinuka, ina maana samaki wangu ameharibika? Na lisiponuka, yuko salama?

Jibu la yote mawili ni hapana, na la pili ndilo lenye hatari. Jodari, vibua na nguru wakikaa kwenye joto hujitengenezea histamini, ambayo haina harufu ya kukuonya na haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mlaji anavimba uso, anawashwa, anaumwa kichwa, mara nyingine ndani ya saa moja. Kinga yake ni barafu tangu samaki anapotoka majini. Usafi wa deli ni wa lazima, lakini haumfufui samaki aliyeachwa juani.

Nifanye nini lisinuke tena?

Barafu kwanza. Kwenye joto letu, kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki ndiyo kipimo cha kufuata, ikiwa imepangwa tabaka kwa tabaka: barafu chini, samaki, barafu, samaki, barafu juu. Bakteria wanaotengeneza shombo hupungua sana kasi karibu na nyuzijoto 0. Toa matumbo na uoshe samaki kabla ya kumpanga, kama mteja wako anakubali samaki aliyepasuliwa.

Pili, usiache samaki akioga kwenye maji ya kuyeyuka. Legeza kizibo maji yatoke, au weka kichanja cha plastiki chini. Kwenye basi la Mwanza kuja Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, maji yale yakibaki ndani yanabeba damu na ute kwenye kila pembe. Na yakimwagika kwenye buti, abiria wote watakujua. Beba samaki kwenye mifuko mizito ndani ya deli, kisha maji ya barafu iliyo nje ya mifuko yabaki masafi.

Tatu, osha siku hiyohiyo. Shombo ya saa tatu inatoka kwa sabuni na ndimu. Shombo ya siku tatu ndiyo iliyokuleta hapa. Ukichoka jioni, angalau suuza kwa maji ya baridi, toa kizibo, acha wazi. Deli lihifadhiwe bila kizibo na mfuniko umewekewa kijiti usifunge kabisa. Kitambaa cha neti juu kinazuia mende.

Nne, kama uwezo upo, tenganisha: deli la samaki na deli la vinywaji. Kwa mkodishaji tungesema hili ni la lazima. Andika kwa rangi ya mafuta upande wa nje.

Nakodisha madeli kwenye shughuli, yanarudi yananuka bia na mabaki ya pilau. Nimtoze mteja?

Patana naye kabla. Andika kwenye risiti kwamba deli lirudi limemwagwa maji na kusuuzwa, na kwamba halitabebea nyama wala samaki wabichi. Linaporudi, lifungue mbele ya aliyelileta, mnuse wote wawili. Wengi hawana nia mbaya. Asubuhi ya baada ya harusi vijana wa vyombo wamechoka na wanafunga mfuniko juu ya maji ya barafu. Ukifungua mwenyewe jioni hiyohiyo, kazi ni ya sabuni na bikaboneti tu.

Deli lililoshindikana nilitupe?

Bado lina kazi. Wavuvi hulihitaji la kuwekea chambo, na shambani linafaa kuhifadhi mbolea ya maji au kuotesha miche ukilitoboa chini. Kabla ya kulitoa, ng'oa mfuniko au liandike CHAMBO kwa rangi kubwa pande zote mbili, asije mtu akaliokota, akalisugua kwa sabuni yenye manukato, na kulirudisha sokoni na maji ya kunywa ya watoto.